Yesu Mwenye Haraka: Pasolini, Mathayo na Ijumaa Kuu Kazini

Kila ikikaribia Pasaka, televisheni zetu humtoa Yesu yuleyule kabatini. Mrefu, mweupe, macho ya buluu, nywele zimekaa sawasawa kama katoka saluni sasa hivi, anaongea taratibu kama mtu anayejua kamera iko hapo. Mara nyingi huyo ni Robert Powell wa Jesus of Nazareth, kazi ya Franco Zeffirelli ya mwaka 1977, ambaye kwa saa zote zile karibu hapepesi macho. Vijijini wengi wanamjua zaidi Brian Deacon wa ile tuliyozoea kuiita Filamu ya Yesu, ya 1979, iliyoingizwa sauti za lugha zaidi ya 1,000, Kiswahili kikiwemo, na ikazungushwa na magari yenye jenereta na kitambaa cheupe cha kuonyeshea. Sina ugomvi nao. Utotoni nililia na wote wawili.

Ila Yesu ninayetaka kumwongelea hapa ni mwingine kabisa, na ana haraka. Anatembea mbele, wanafunzi wanamfuata nyuma karibu kukimbia, na mafundisho anawarushia juu ya bega bila kusimama. Anawaita wavuvi kama mtu anayepita kuchukua abiria: njoo, twende. Nyavu zinabaki pale pale. Huyu ni Yesu wa Il vangelo secondo Matteo, yaani Injili kwa mujibu wa Mathayo, filamu ya Pier Paolo Pasolini ya mwaka 1964, nyeusi na nyeupe, saa mbili na robo na dakika chache juu yake. Angalia jina hilo halina neno "Mtakatifu". Walioiuza kwa Kiingereza ndio waliomwongezea Mathayo utakatifu wake. Pasolini alimwacha Mathayo tu, kama unavyoandika jina la mwandishi juu ya makala.

Nimeitazama mara tatu sasa, na kila mara haraka hiyo inanigusa kwa namna nyingine. Mara ya kwanza nilidhani ni uigizaji mbovu. Kumbe ni usomaji. Fungua Mathayo usome sura tatu mfululizo, usisome kama mtu aliye kwenye ibada, soma kama unasoma habari. Anazaliwa, wanakimbia, wanarudi, anabatizwa, anajaribiwa, anaanza kazi. Mathayo haelezi hali ya hewa. Ni mara chache anasema nani alivaa nini au nani alijisikiaje. Mtu anaponywa kwa sentensi mbili na safari inaendelea. Mapokeo yanasema mwandishi huyu alikuwa mtoza ushuru. Wataalamu wa Biblia wanabishana sana juu ya hilo, ila mimi nikisoma naona kweli mkono wa mtu wa leja: kilichoingia, kilichotoka, nani alikuwepo. Filamu nyingi za Yesu zinamwonea haya mwandishi huyu, zinamtafutia maua. Pasolini hakumtafutia.

Kwa wasiomfahamu: Pasolini alikuwa mshairi na mwandishi wa riwaya kabla ya kushika kamera. Alikuwa Mmarx aliyefukuzwa kwenye Chama cha Kikomunisti cha Italia mwaka 1949, na hakuwa muumini. Mwaka 1963 mahakama ilimhukumu kifungo cha miezi minne, kilichoahirishwa, kwa kosa la kuikashifu dini ya taifa katika filamu yake fupi La ricotta. Mwaka uliofuata akatoa Injili, akaiweka wakfu kwa kumbukumbu ya Papa Yohane wa 23. Kisa chenyewe kinachekesha. Oktoba 1962 alikuwa mgeni wa kituo cha Wakatoliki mjini Assisi, Papa akaja mjini siku hiyohiyo, barabara zikajaa. Foleni ya msafara wa mkubwa, jambo ambalo wakazi wa Dar hatuhitaji kuelezwa. Pasolini akabaki chumbani, kitabu cha Injili kilikuwa kando ya kitanda, akakisoma kuanzia mwanzo hadi mwisho bila kukiweka chini. Filamu hii ni tunda la foleni.

Sasa tuingie ndani. Dakika za kwanza za filamu hii ningezifundisha katika darasa lolote la uandishi. Uso wa msichana unatutazama. Uso wa mwanamume unamtazama msichana. Kimya. Uso wa msichana tena, anainamisha macho. Uso wa mwanamume tena. Ndipo kamera inarudi nyuma na tunaona tumbo. Hakuna aliyesema neno. Yusufu anageuka, anaondoka kwenye njia ya mawe, anafika mahali watoto wanapocheza, anachoka, anajilaza kichwa juu ya mwamba. Malaika anapokuja ni msichana tu aliyevaa nguo nyeupe, hana mabawa, hana mwanga wa taa nyuma ya kichwa. Anasema ujumbe wake, basi. Yusufu anarudi nyumbani, Mariamu anamwona, anatabasamu kidogo. Kashfa nzima ya kijiji, aibu, hasira ya mchumba, msamaha, vyote vimekwisha. Mwandishi wa tamthilia zetu za televisheni angehitaji vipindi kumi na mama mkwe mmoja.

Zeffirelli mahali kama hapa anaongeza. Jesus of Nazareth ina hata mhusika mzima aliyebuniwa, Zerah, aliyechezwa na Ian Holm, kazi yake kumrahisishia Yuda usaliti ili tumwelewe. Ni uamuzi wenye huruma, lakini ni uamuzi wa mtu asiyeiamini hadithi aliyopewa. Pasolini maneno yote ya wahusika aliyatoa kwa Mathayo. Penye kimya katika kitabu, filamu nayo inanyamaza. Nijuavyo mtu atanijibu kwamba hata Filamu ya Yesu inafuata Injili moja, ya Luka, karibu hatua kwa hatua. Ni kweli. Tofauti iko kwa msimulizi. Kule kuna sauti inayotushika mkono na kutueleza tunachokiona. Huku hatushikwi mkono. Yesu anakuja mbele ya umati kuhukumiwa, na kamera imesimama nyuma, katikati ya watu, inachungulia juu ya mabega yao kama jirani aliyechelewa kufika kwenye tukio. Pilato yuko mbali. Husikii vizuri, huoni vizuri. Mwandishi yeyote aliyewahi kusukumwa nje ya uzio wa mahakama anaijua picha hiyo.

Kufuata maandishi hakumaanishi kwamba Pasolini hakuwa na la kwake. Amekata sana. Ule ukoo mrefu unaofungua kitabu haumo, mifano mingi haimo, na mpangilio wa baadhi ya mafundisho ameuhamisha. Ukitaka kumjua Pasolini usitafute alichoongeza, tafuta alichokata na alichokivuta mbele. Aliowavuta mbele ni maskini na hasira. Yesu huyu anapowafokea Mafarisayo mjini Yerusalemu anafoka kweli, si yale makaripio ya upole tuliyozoea. Hotuba ya mlimani ameipiga kwa karibu sana, uso mmoja umejaa kioo, na nyuma ya uso huo mwanga unabadilika: usiku, mchana, upepo, radi, kichwa kimefunikwa, kichwa kiko wazi. Kama vile maneno yale yalisemwa siku nyingi, mahali pengi, kwa watu wengine kila mara, na mhariri ndiye aliyeyaunganisha. Wataalamu wengi wa Agano Jipya wanasema hivyohivyo kuhusu hotuba ile. Pasolini kaonyesha kwa taa tu.

Mara ya tatu niliitazama kazini, Ijumaa Kuu. Anayefanya kazi gazetini anaijua siku hiyo. Kurasa nyingi zimeshapangwa tangu Alhamisi, ofisi za serikali zimefungwa, matangazo hakuna, simu hazilii. Chumba cha habari kinabaki na mlio wa kiyoyozi na televisheni ya ukutani inayoongea peke yake. Sisi tuna utaratibu ambao haujaandikwa popote: Krismasi na Pasaka zamu inabebwa zaidi na Waislamu, Idi tunaibeba sisi. Safari hii hesabu haikukaa, nikabaki mimi na mhariri wa zamu, mzee wa Tanga aliyeanza kazi enzi za taipureta. Nikaweka hedifoni sikio moja, lile jingine nikaliacha kwa ajili ya simu, nikafungua filamu kwenye kona ya kompyuta.

Mzee akapita na chai yake, akasimama nyuma yangu.

"Mwanangu, huyu Nabii Isa mbona ana haraka hivyo? Anawahi wapi?"

"Anawahi Yerusalemu, Mzee."

"Aa. Basi angekuwa na akili angekwenda pole pole."

Akavuta kiti. Nikatoa hedifoni. Tukaitazama wawili karibu saa nzima, mimi nikimtafsiria maandishi ya Kiingereza pale yalipokimbia. Alinikumbusha The Message ya Moustapha Akkad, ya 1976, ambayo aliiona ujanani akaiona tena mara ambazo hazihesabiki. Mle Mtume haonekani wala hasikiki. Anthony Quinn anayecheza Hamza anazungumza akitazama kamera, na kamera yenyewe imesimama mahali pa yule asiyeonyeshwa. "Sisi," akasema Mzee, "tumezoea kuwatazama wanaomtazama." Nimeifikiria sana kauli hiyo, kwa sababu inafaa hata kwa Pasolini, ambaye hakukatazwa kuonyesha uso. Hesabu mwenyewe: nyuso za wasikilizaji katika filamu hii zinachukua muda mwingi ajabu. Wazee wasio na meno, watoto wenye makovu ya vidonda, wanawake waliochomwa na jua. Yesu anasema sentensi moja, na kamera inatembea polepole juu ya watu wanane. Haraka yote ni ya Yesu. Kamera ikifika kwa watu, haina haraka kabisa.

Saa nane mchana ikaingia habari kwa WhatsApp, kutoka kwa mwandishi wetu wa mkoani. Vijana wawili wamefukiwa na kifusi kwenye machimbo ya kokoto. Maneno mia sita na ushee. Simanzi imetanda. Vilio vimetawala. Taharuki imezuka. Wingu zito limegubika. Ile kamusi yote ya misiba ya magazeti yetu, imejaa kama daladala ya jioni. Umri wa marehemu ulikuwa aya ya sita. Aya ya mwisho kabisa, chini ya kauli ya kiongozi mmoja aliyewataka wananchi kuchukua tahadhari, palikuwa na mama wa mmoja wao, ambaye alimwambia mwandishi kwamba kijana aliondoka asubuhi bila chai kwa sababu sukari iliisha.

Hakuna kilichotulazimisha kukata. Nafasi ilikuwepo, tena tele. Siku kama ile ukurasa unaililia habari. Mzee akasoma mara moja, akasema, "Toa kila ambacho hakikuwepo pale."

"Simanzi haikuwepo, Mzee?"

"Nani aliiona? Pale palikuwa na kifusi, watu wenye makoleo, na mama."

Tukabaki na maneno mia moja na sabini. Kiongozi akashuka mwisho, mama akapanda aya ya pili. Nafasi iliyobaki tukaipa picha, watu wamesimama ukingoni mwa shimo wanatazama chini, tukaitanua mpaka nyuso zikaonekana. Kisha tukarudi kwenye filamu, maana kazi nyingine haikuwepo.

Nilipofika msalabani ndipo nilipoona kitu ambacho mara mbili za kwanza kilinipita. Susanna Pasolini, mama mzazi wa mwongozaji, ndiye aliyepewa nafasi ya Mariamu mzee. Anasimama chini ya msalaba, anaanguka, anashikwa mikono. Uso wake umekunjamana, mdomo uko wazi. Sasa fungua kitabu. Mathayo anataja wanawake waliokuwa wakitazama kwa mbali, na anawataja kwa majina. Mama yake Yesu hamtaji. Anayemweka mama chini ya msalaba ni Yohana. Tena katika Injili yote ya Mathayo, Mariamu hasemi neno hata moja, tangu mwanzo hadi mwisho.

Yaani mtu aliyekataa kumwongezea Mathayo hata neno moja, aliyekata na kukata, alipofika mahali hapa akamwongezea mtu. Na mtu mwenyewe ni mama yake. Wala si mama aliyekuwa akiigiza asichokijua. Mtoto wake mwingine, Guido, mdogo wake Pier Paolo, aliuawa Februari 1945 akiwa mpiganaji msituni, na waliomuua walikuwa wapiganaji wa upande wa wakomunisti, watu ambao kwa siasa Pier Paolo angekuja kuwaita wenzake. Miaka kumi na tisa baadaye mtoto aliyebaki anamwambia mama yake asimame hapa, tazama pale juu, lia. Sijui kama niite hilo ukatili au heshima. Nadhani filamu nayo haijaamua. Lakini ninaelewa sasa ukavu wote ule wa saa mbili ulikuwa unafanya kazi gani. Kama angekuwa ametumia vinanda na machozi tangu hori la Bethlehemu, tukifika kwa Susanna tungekuwa tumeshalia hadi tumekauka, naye angekuwa mwanamke mmoja zaidi anayelia kwenye filamu ya Pasaka. Novemba 1975 Pier Paolo naye aliuawa kikatili, kando ya bahari, Ostia. Susanna alikuwa bado hai.

Nisiifanye filamu kuwa kamilifu. Kuna jambo moja linanikera kweli: sauti. Yesu alichezwa na Enrique Irazoqui, mwanafunzi wa uchumi kutoka Barcelona mwenye miaka 19, aliyekuwa Italia kutafuta watu wa kuwaunga mkono wanafunzi waliompinga Franco. Ana nyusi nene zinazokaribia kukutana, uso mwembamba, mwili wa mtu asiyekula vizuri. Uso mzuri kwa kazi hii, kwa sababu hauombi kupendwa. Halafu anafungua mdomo na inatoka sauti ya Enrico Maria Salerno, mwigizaji mzoefu wa Italia, sauti ya jukwaani, nene, iliyopigwa pasi. Filamu nzima imejaa watu wasio waigizaji, Yuda ni dereva wa lori, Filipo ni Giorgio Agamben ambaye baadaye dunia ilimjua kama mwanafalsafa, Mariamu wa Bethania ni mwandishi Natalia Ginzburg. Halafu Yesu peke yake anaongea kama matangazo ya mnada. Wenye kutetea watasema Waitaliano wa enzi hizo waliingiza sauti studio karibu filamu zote. Sawa. Bado masikio yangu hayakubali. Na sehemu ya katikati, miujiza inapofuatana upesi upesi, kuna wakati haraka inakuwa haraka tu. Anatembea juu ya maji, tunaona, twende. Hapo Mathayo wa leja anamshinda Pasolini mshairi.

La pili ni zito zaidi. Nyuso hizo za maskini ni za nani? Pasolini alikwenda Palestina mwaka 1963 kutafuta mahali pa kupigia filamu, akaona pamebadilika mno, akarudi kusini mwa Italia. Yerusalemu yake ni Matera, mji wa nyumba za mapangoni ambazo wakazi wake walianza kuhamishwa na serikali miaka ya 1950 kwa sababu ya umaskini wao. Carlo Levi alikuwa ameshaandika juu ya ukanda huohuo katika kitabu chake cha 1945 ambacho jina lake linasema Kristo aliishia Eboli, yaani hakufika kule kwa wakulima. Pasolini akamfikisha. Ni tendo zuri kimaandishi. (Mel Gibson naye alikwenda Matera kwa ajili ya The Passion of the Christ ya 2004. Mawe yaleyale, na ndoo za damu juu yake. Simwongelei.) Lakini wakulima wale katika filamu hawasemi kitu. Wanatazama, wanatazamwa. Umaskini wao umepangwa vizuri, unafanana na michoro ya kale ya Italia, mpaka unajiuliza kama siku ile mwongozaji angewakuta wamepata meno mapya na bati juu ya nyumba angewapiga picha.

Sisi wa huku tuna sababu ya kuuliza hivyo. Miaka michache baada ya Injili, Pasolini alikuja Uganda na Tanzania na kamera yake kutafuta nyuso za tamthilia ya kale ya Kiyunani aliyotaka kuihamishia Afrika. Tamthilia yenyewe haikupigwa kamwe. Kilichobaki ni Appunti per un'Orestiade africana, shajara ya maandalizi. Ndani yake kuna kipande ambacho ningependa kila mpenzi wa Pasolini akione: amewakusanya wanafunzi wa Kiafrika mjini Roma, anawaonyesha picha alizopiga, anawauliza maoni. Wanamjibu kwa adabu, lakini wanamjibu. Mmoja anamwambia kwamba anaizungumzia Afrika kama kitu kimoja. Uzuri ni kwamba Pasolini hakukikata. Wakulima wa Matera hawakupata kikao kama hicho.

Sisemi hayo kwa kumnyang'anya filamu yake. Mtu aliyetanua picha ya watu kwenye ukingo wa shimo kwa sababu nyuso zilikuwa nzuri hana jiwe la kumrushia mwenzake. Nasema tu kwamba swali liko mezani, na filamu yenye nguvu ndiyo inayoliweka pale.

Nimebakiza muziki, na hapa nina upendeleo wa wazi. Pasolini amechanganya bila kuomba ruhusa. Bach yumo kwa wingi, Prokofiev yumo wakati askari wa Herode wanateremka kuua watoto, na Mamajusi wanapofika kumwona mtoto, mchana kweupe, mbele ya wanakijiji, tunamsikia Odetta, mwimbaji Mweusi wa Marekani, akiimba wimbo wa watumwa kuhusu mtoto asiye na mama. Kuna wakati nilidhani huu ni ujanja wa msomi. Sidhani tena. Odetta anaimba kuhusu kukosa mama, kamera inamtazama mama kijana mwenye mtoto mikononi, na wewe unajua mwisho wake.

Halafu kuna Missa Luba. Hii ni misa ya Kilatini iliyoimbwa kwa namna ya Kiluba, iliyorekodiwa mwaka 1958 na kwaya ya wavulana na walimu wa Kamina, Katanga, chini ya Padre Guido Haazen, Mfransisko kutoka Ubelgiji. Kwaya ilijiita kwa jina la mfalme wa Ubelgiji, Les Troubadours du Roi Baudouin, na mwaka huohuo ikatembezwa Ulaya, hadi kwenye maonyesho makubwa ya Brussels. Miaka miwili baadaye Kongo ikawa huru. Kamina ni nchi ya Waluba, ila Kiswahili nacho kinasikika kule, Kiswahili chao cha Katanga ambacho sisi wa pwani tunapenda kukicheka. Ninapenda kufikiri kwamba nje ya mazoezi baadhi ya vijana wale walitaniana kwa lugha hii ninayoandikia.

Jiwe la kaburi linapoanguka, ndani hamna mtu, na wakati uleule Gloria ya Kamina inalipuka. Ngoma, sauti moja ya juu inaita, kwaya inaitikia. Hakuna mwanga, hakuna ukungu, hakuna askari wanaoanguka kwa mshangao. Watu wanakimbia tu, wote, mlimani, kuelekea aliko, na kwa mara ya kwanza katika filamu nzima umma una haraka kama ya Yesu. Mzee alikuwa ameshaondoka kwenda kuswali alasiri. Aliporudi sauti ilikuwa bado juu. Akauliza ni kwaya ya wapi ile.

"Kongo, Mzee. Katanga."

"Ongeza sauti," akasema, akaenda kusaini kurasa.